Wiki sita za kujifunza vihusishi vya Kiingereza kwa simu: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kujibu baruapepe za wageni katika ofisi ya utalii mjini Moshi, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba Kiingereza changu kinatosha, mpaka siku nilipomwandikia mgeni wa Uingereza alipe malipo ya awali "until 15 June". Aliniuliza kwa upole kama alitakiwa kuendelea kulipa kila siku mpaka tarehe hiyo ifike. Nilichokusudia ni "by 15 June", yaani tarehe hiyo imkute amekwisha kulipa. Lakini neno letu "hadi" limezoea kubeba maana zote mbili, nami nikalitwisha "until" mzigo usiokuwa wake.

Ndipo nilipolipa shilingi 60,000 kwa kozi ya wiki sita inayofundisha virai vihusishi na vielezi vya Kiingereza cha kila siku, yaani mafungu ya maneno kama "in the morning" au "on foot" yanayoonyesha wakati, mahali au namna, somo moja la robo saa kila jioni, na kila Jumamosi mazungumzo ya sauti na mwalimu.

Masomo ya wakati yalinifaa kuliko yote. Nilijua "in the morning" tangu shule ya msingi, ila sikuwahi kuelezwa kwa nini Mwingereza husema "on Monday morning". Hapa nilifundishwa kwamba siku ikishatajwa, siku ndiyo inayochagua kihusishi, na asubuhi hufuata tu. Nilifundishwa pia kwamba penye "last", "next", "this" au "every" kihusishi huondoka kabisa, jambo ambalo lilinifanya nifungue baruapepe zangu za zamani na kuhesabu kwa aibu mara nilizoandika "in last week". Mfano wa basi ndio ulionikaa zaidi: basi likiondoka saa 2:00 kamili kama ratiba inavyosema, limeondoka "on time", abiria aliyefika saa 1:55 akalikuta bado lipo, amefika "in time". Tangu hapo sijavichanganya.

Somo la "kwa" nalo liliandaliwa na mtu anayetujua. Sisi hukata nyama kwa kisu, husafiri kwa basi, huenda kwa miguu, hulipwa kwa mwezi na kufanya kazi kwa bidii, na Kiingereza hudai "with a knife", "by bus", "on foot", "per month", na mwishowe "hard", neno moja lisilo na kihusishi chochote. Hapo mwalimu alitutahadharisha tusiongeze "-ly" kwa mazoea, kwa sababu anayesema "I work hardly" amekiri mwenyewe kwamba kazi haigusi. Nilicheka, kisha nikakumbuka barua yangu ya kuombea kazi.

Upungufu mkubwa niliukuta katika masomo ya mahali. Mwalimu alidai kwamba Kiswahili hakitofautishi ndani, juu na penye, eti kiambishi "-ni" humaliza kila kitu. Hilo si kweli. Tunasema mezani pana vikombe, mjini kuna baridi, kabatini mna nguo, na hizo pa, ku na mu zingeweza kuwa daraja zuri la kumfikisha mwanafunzi kwenye Kiingereza, hata kama haziwiani moja kwa moja: mu hukusogeza karibu na "in", ilhali pa huweza kukupeleka kwenye "on" au "at". Kinachotupoteza ni "kwenye", ambalo tunalitumia kwa basi, kwa teksi na kwa kituo bila kubagua. Kanuni waliyotupa badala yake inasaidia kiasi: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, huchukua "on", na kile unachoingia na kuketi tu, kama teksi, huchukua "in". Kituoni ni "at".

Mazoezi husahihishwa na programu, nayo ina ukaidi wake. Iliniwekea alama ya kosa nilipoandika "at the weekend" na kunilazimisha kuandika "on the weekend", ambayo ni kawaida ya Marekani, wakati wageni wangu wengi ni Waingereza na wao husema "at". Nililalamika; jibu lilikuja baada ya siku tisa, likinishukuru kwa maoni yangu bila kugusa swali.

Hatua ya pili, itakayoshughulikia virai kama "by the way" na "so far", inauzwa kwa bei ileile. Nimewaandikia tena kuuliza kama zoezi lile la wikiendi limerekebishwa, na wakinijibu kwamba ndiyo, nitakuwa nimelipa kufikia mwisho wa mwezi.