Nozeli 30, zimebaki 11: uzoefu wangu na huduma ya kusafisha mfumo wa ukungu

Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Mfumo wa ukungu kwenye baraza ya mgahawa, Mbezi Beach, yaani bomba lenye nozeli (vidomo vidogo) zinazorusha maji kama ukungu ili kupoza wateja, ulihitaji kusafishwa tu. Nozeli chache zilikuwa zimeziba, nyingine zinarusha maji upande. Wakaja mafundi wawili wa kampuni inayojitangaza kwa kazi hiyohiyo, wakafanya kazi saa moja na nusu, wakaondoka na laki mbili na nusu. Katika nozeli 30, zinazofaa leo ni 11.

Fundi mkubwa alipanda ngazi na praiza mkononi, pini ya kushonea ameibana kwenye midomo. Kila nozeli iliyoziba aliishika, akachokonoa tundu, akapuliza, akahamia nyingine. Nikamwambia, "Kaka, usitie pini humo, utaziua." Akajibu bila hata kugeuka: "Mama, hii kazi naifanya kila siku. Wewe subiri uone maji."

Maji nimeyaona.

Tundu la nozeli hizi lina upana wa milimita 0.2. Pini ya fundi nguo ina kama milimita 0.6, yaani mara tatu ya tundu. Haiwezi kuingia. Ukiisukuma inachimba ukingo wa tundu, na ukingo ule ndio unaoyapasua maji yawe ukungu. Ndani yake kuna kipini kidogo kinachoyazungusha maji kabla hayajatoka, na nyuma ya hicho kuna gololi na springi vya kuzuia kuchuruzika pampu inapozimwa. Ukingo ukipata mkwaruzo mmoja tu, ukungu unatoka umepinda kama mkojo wa mtoto. Tundu likipanuka, mambo yanaharibika zaidi: upana ukiongezeka mara mbili, eneo linaongezeka mara nne, na maji yanayopita yanaelekea hukohuko. Kwa presha ya bari 70, nozeli nzima ya 0.2 inatumia takriban lita tano na nusu kwa saa. Pampu yetu inatoa lita tatu kwa dakika, ambazo zinazitosha nozeli 30 na kubakiza kidogo. Nozeli 19 zilipotobolewa, geji ya presha ilishuka kutoka 70 hadi 45. Sasa hata zile 11 nzima hazitoi ukungu wa maana, kwa sababu presha yao imeliwa na wenzao.

Kwa Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Ukungu unapoza kwa kukauka hewani, na hewa yetu tayari imebeba unyevu wa bahari. Kinachokauka hapa kabla ya kufika chini ni tone dogo sana peke yake. Dodoma, kwenye hewa kavu, tone nene kidogo linaweza kukauka njiani. Mbezi Beach linatua kwenye chipsi za mteja.

Nilipopiga simu kesho yake kusema baraza linalowa, nilijibiwa niweke ndoo chini ya zile zinazochuruzika. Ndoo! Mbu wa dengi anataga kwenye maji safi yaliyotuama namna hiyohiyo, na mji huu umeshapata milipuko ya dengi, wa 2014 na wa 2019. Mtu anayelipwa kutunza mfumo wa maji hawezi kukupa ushauri kama huo.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Zima pampu, subiri geji ishuke hadi sifuri. Fungua nozeli kwa vidole. Inayozuia maji ni oringi (pete ndogo ya mpira), si nguvu ya kukaza, kwa hiyo praiza haina kazi yoyote pale zaidi ya kung'ata meno. Ikigoma, ifunge kitambaa chenye siki kwa dakika kumi halafu jaribu tena. Toa oringi, weka pembeni. Kisha dondoshea siki nyeupe kwenye ule ukoko wa mdomoni. Ukitoa mapovu ni chokaa, na dawa yake ni asidi. Usipotoa mapovu huenda ni chumvi ya kawaida, na maji ya moto yanatosha. Visima vyetu vya pwani vina vyote viwili, hivyo anza na maji ya moto halafu asidi.

Kwa asidi, mimi natumia unga wa sitriki: gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, nozeli zilale humo dakika 20 hadi 30. Siki tupu nayo inafaa, ila ipe saa moja au mbili. Usizilaze usiku kucha kama ni za brasi (shaba ya manjano). Asidi inatoa zinki, brasi inabaki nyekundu-nyekundu na dhaifu, halafu uzi wa kukazia nozeli unakatikia kwenye bomba. Baada ya hapo suuza, sugua mdomo kwa mswaki laini, pitisha hewa ya kompresa kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu utoke ulikoingilia. Iinue kwenye mwanga. Tundu safi linaonekana kama nukta ya duara. Ukiona umbo la yai, nozeli hiyo imekufa, tupa.

Wakati nozeli ziko kwenye asidi, fungua kizibo cha mwisho wa bomba na uache maji yapite dakika mbili tatu. Usiliruke hili. Uchafu wote wa bomba unalala mwishoni, na ukirudisha nozeli bila kuusukuma nje, siku hiyohiyo zitaziba tena.

Sasa niseme haki, maana nimeanza kwa ukali. Yule kijana msaidizi alifungua kizibo cha mwisho bila kuambiwa. Yalitoka maji ya kahawia, kisha vipande vyeupe kama maganda ya yai, kisha maji safi, na hakufunga mpaka yakawa safi kabisa. Pia alitazama kioo cha oili kwenye pampu, akaniita: "Mama, njoo uone, hii imeanza kuwa nyeupe." Alikuwa sahihi. Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yamepita kwenye sili (mpira wa kuzuia maji), na ukiendelea kuiwasha pampu nzima itakwenda. Kama kampuni ingemtuma yule kijana peke yake, leo ningekuwa nawasifia. Jioni ile nilifikiria hata kuwapa nafasi ya pili.

Halafu nikatazama filta.

Waliuza "filta mpya ya kuondoa chumvi," ndivyo risiti inavyosema. Nilipofungua chombo chake nikakuta ile ya kawaida ya nyuzi nyeupe, mikroni 5. Filta hiyo inashika mchanga, kutu na matope, na inahitajika, lakini chumvi na chokaa vimeyeyuka ndani ya maji, vinapita humo kama sukari inavyopita kwenye chujio la chai. Maji yanapokauka mdomoni mwa nozeli ndipo chokaa inabaki na kugeuka jiwe. Kuizuia kunahitaji mashine ya kulainisha maji au ya kuyachuja kwa utando, au uache kisima utumie maji ya DAWASA yanayotoka Ruvu, na ya boza uyapime kwanza, maana maboza hayafanani na mengine yamejazwa kisimani hukohuko. Kumwambia mtu kwamba nyuzi za mikroni 5 zinaondoa chumvi ni kumwibia. Kwa hiyo nafasi ya pili nimeifuta.

Kuna hatua ambayo hawakuigusa kabisa, nayo inanikera kuliko pesa: kuua vijidudu. Simtanki nyeusi juani ina maji ya joto siku nzima, na bakteria wa Legionella wanastawi kati ya nyuzi joto 20 na 45. Ukungu ni njia nyepesi ya kuwafikisha kwenye mapafu ya mtu. Mwaka 1989 huko Bogalusa, Louisiana, Marekani, watu waliugua homa ya mapafu kwa sababu ya mashine ya ukungu ya kulowesha mboga dukani. Kwa hiyo baada ya kusuuza asidi yote, na nasisitiza yote, kwa sababu asidi ikikutana na klorini inatoa gesi ya sumu, weka mililita 150 za jiki ya asilimia 3.5 kwenye kila lita 100 za maji ya tanki. Yapitishe hadi mwisho wa bomba nozeli zikiwa nje na watu wakiwa mbali, acha yakae kama saa moja, kisha suuza hadi harufu iishe. Usiyaache yalale humo, klorini inakula sili za pampu. Na mfumo ukikaa siku tatu nne bila kuwashwa, mwaga maji ya zamani kwanza kabla hujakaribisha watu kukaa chini yake.

Wakati wa kurudisha, funga nozeli zote isipokuwa ya mwisho, washa, acha hewa itoke, ndipo ufunge hiyo. Geji ikipanda kupita kawaida, kuna nozeli zilizoziba. Ikishuka, tazama filta kwanza, kisha viungo vinavyovuja, kisha matundu yaliyopanuka.

Nyota nawapa moja, na hiyo ni ya kijana. Mchana wa leo fundi mkubwa amenipigia, anasema nozeli "huwa zinachoka zenyewe" na kwamba akija kubadilisha nitalipia vipuri. Silipi. Nozeli 19 nimeziweka kwenye kopo la maziwa ya unga hapo kaunta, kila moja na namba ya sehemu ilipokuwa, na mikwaruzo ya pini inaonekana hata kwa kamera ya simu. Akija, nitamwagia mezani azihesabu mwenyewe.