Miaka miwili ya kuangalia maji kutoka angani: uzoefu wangu na Copernicus Browser

Kikundi chetu cha kujitolea kimepima maji ya ziwa moja kwa miaka mingi, kwa chupa, kipimajoto na sahani ya Secchi, ile sahani ya duara yenye robo nyeupe na robo nyeusi inayoshushwa majini kwa kamba mpaka ipotee machoni. Vituo vyetu vilikuwa vinne, na tulivichagua kwa sababu boti inafika kwa urahisi. Siku nilipofungua kwa mara ya kwanza picha ya ziwa zima iliyopigwa na setilaiti za Sentinel-2, niliona ghuba ya kaskazini imetanda kijani kilichokolea, na mkia wa kijani hichohicho ukichirizika kuelekea katikati. Hakuna kituo chetu hata kimoja kilichokuwa karibu na ghuba ile. Kila mwezi tulikuwa tukiandika daftarini kwamba maji yako sawa, na kwenye vituo vyetu vinne yalikuwa sawa kweli. Niliumia. Usiku ule nilikaa nikirudi nyuma picha moja baada ya nyingine, na ule ukijani ulikuwepo kwenye ghuba hiyo miaka iliyopita pia, msimu uleule.

Tangu hapo nimetumia Copernicus Browser karibu kila wiki, sasa ni miaka miwili. Ni tovuti ya mpango wa Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuitazama dunia kwa setilaiti, na ni ya bure. Unasogeza ramani hadi kwenye maji yako, unachagua tarehe kwenye kalenda, unaweka kiwango cha mawingu unachoweza kuvumilia, picha inatokea. Ukitaka kupakua faili zenyewe unafungua akaunti, nayo ni bure vilevile. Kwenye kompyuta kazi ni nyepesi. Kwenye simu inawezekana, ila kuchora mpaka wa eneo kwa kidole kunataka subira.

Ninayoitegemea zaidi ni Sentinel-2. Ya kwanza, 2A, ilirushwa Juni 2015, ikafuatwa na 2B Machi 2017 na 2C Septemba 2024. Zikifanya kazi mbili kwa pamoja, hata maeneo ya Ikweta hupigwa picha kila baada ya siku 5, karibu saa nne na nusu asubuhi kwa saa za mahali hapo. Pikseli moja, ile nukta ndogo kabisa ya picha, hubeba eneo la mita 10 kwa 10. Boti yetu haionekani. Lakini zulia la magugu maji lenye ukubwa wa uwanja wa mpira linaonekana wazi, na ukilifuatilia kwa wiki kadhaa unajua upepo umelisukumia wapi.

Picha ya rangi za kawaida ni nzuri, ila nguvu ya huduma hii iko kwenye mwanga ambao jicho halioni. Kamera ya Sentinel-2 hupokea mwanga katika bendi 13, yaani vipande 13 vya mwanga vinavyopimwa kila kimoja peke yake. Maji hunyonya karibu mwanga wote wa infraredi unaoyafikia, ndiyo maana kwenye bendi hiyo ziwa huwa jeusi tii huku mimea ya ukingoni iking'aa. Mwaka 1996 mtafiti McFeeters alipendekeza hesabu rahisi: chukua mwanga wa kijani, toa ule wa infraredi, kisha gawanya kwa jumla ya zote mbili. Jibu likizidi sifuri, kwa kawaida hapo ni maji. Kwa hesabu hiyo moja nimechora ukingo wa kinamasi chetu msimu kwa msimu, kazi ambayo kwa miguu ingetula wiki nzima tukiwa tumezama topeni hadi magotini.

Kwa mwani hesabu ni nyingine. Klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea na mwani, hunyonya mwanga mwekundu wa karibu nanomita 665 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ilhali maji yenye mwani mwingi hurudisha mwanga mwingi zaidi karibu na nanomita 705. Sentinel-2 ina bendi zote mbili, ingawa pikseli za hiyo ya 705 ni za mita 20. Zilinganishe kwa mtindo uleule wa kutoa na kugawanya, na ghuba yenye mwani inajitenga na maji yanayoizunguka. Tovuti inakuruhusu kuandika hesabu yako mwenyewe kwenye kisanduku, mistari mitatu au minne tu, na ramani inabadilika rangi hapohapo. Mimi si mtu wa kompyuta. Jioni mbili zilinitosha kujifunza. Tope lenyewe halihitaji hata hesabu. Baada ya mvua kubwa mdomo wa mto hutoa ulimi wa kahawia ziwani, na kutokana na umbo lake tu tulitambua kwamba udongo mwingi unaingia kwa kijito kimoja cha pembeni tulichokuwa tukikipuuza.

Tulikwenda kwenye ile ghuba na chupa zetu. Maji yaliacha utando wa kijani kwenye kasia. Mzee mmoja anayevua huko alitutazama tukijaza chupa, akasema, "Wanangu, sisi huku tuliacha kutega nyavu tangu upepo ulipogeuka." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Maabara ikathibitisha kuwa ni sianobakteria, bakteria wa majini wanaofanana na mwani.

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu nimeona watu wakipeperusha picha ya kijani na kutangaza kwamba ziwa lina sumu. Setilaiti haioni sumu. Inaona rangi. Kuna sianobakteria wanaotengeneza sumu na wasiotengeneza, na hata wenye uwezo huo hawafanyi hivyo kila mara. Sentinel-3, setilaiti nyingine za mpango huohuo, inakaribia zaidi kuwatambua, maana ina bendi ya nanomita 620 ambayo rangi yao maalumu huinyonya, lakini pikseli yake ni ya mita 300, pana mno kwa ghuba ndogo kama yetu. Agosti 2014, zaidi ya watu 400,000 wa mji wa Toledo na vitongoji vyake huko Marekani waliambiwa wasinywe maji ya bomba, kwa sababu ya microcystin, sumu ya sianobakteria, iliyotoka Ziwa Erie. Picha za angani zilionyesha wingu la kijani limeegemea upande wa mji, ila kilichoitambua sumu yenyewe ni kipimo cha maji. Kwa hiyo mimi picha naitumia kujua niende wapi na lini. Nikifika, chupa ndiyo inayosema.

Na ukifika, usishangae kukuta maji maangavu. Lilitupata mara ya tatu au ya nne hivi. Picha ya asubuhi ilionyesha utando ufuko wa magharibi, sisi tukafika alasiri ya siku ya pili, hakuna kitu. Upepo ulikuwa umeuhamishia ng'ambo. Utando wa mwani huelea, unasafiri kwa saa chache tu, na pia hupanda na kushuka majini kutegemea mwanga na utulivu wa maji. Picha moja ni pumzi moja ya ziwa. Sasa siamini picha moja. Natafuta tatu mfululizo kabla sijamsumbua mtu yeyote.

Makosa yangu mengine nayaeleza ili mwenzangu asiyarudie. La kwanza ni kuchukulia kina kifupi kama mwani. Kwenye maji maangavu yenye kina kifupi, mimea iliyoota chini inaonekana kutoka angani na hesabu ya klorofili hupanda. Nilitangaza kwenye kikundi kuwa kona ya kusini imeanza kuchafuka, kumbe ni majani ya chini yaliyokuwa yakistawi, na hiyo ni dalili njema. La pili lilinigharimu zaidi. Nilipakua faili za miaka kadhaa na kuchora grafu ya tope la mto. Mwishoni mwa Januari 2022 mstari uliruka juu ghafla na kubaki huko. Nilikuwa tayari nimeandika nusu ya barua ya kulalamika juu ya machimbo ya mchanga huko juu. Kumbe kuanzia tarehe 25 Januari 2022 namba ndani ya faili za Sentinel-2 zimeongezwa 1,000, na mtumiaji anatakiwa kuzitoa kabla ya kukokotoa. Maelezo yalikuwepo wazi, sikuyasoma. Ukifanya hesabu ndani ya tovuti yenyewe marekebisho hayo hufanywa, lakini ukipakua faili mbichi ni jukumu lako.

Kuna na suala la hewa. Juu ya bahari, takriban asilimia 90 ya mwanga unaofika kwenye setilaiti hautoki majini kabisa. Umetawanywa na angahewa. Kinachobaki ndicho unachotaka kukisoma. Picha zilizosafishwa unazoletewa zimesafishwa kwa njia iliyobuniwa hasa kwa nchi kavu, kwa hiyo ukungu mwembamba, moshi au mng'ao wa jua juu ya mawimbi huweza kukudanganya kirahisi. Karibu na ufuko mwanga wa mimea ya nchi kavu nao humwagikia kwenye pikseli za maji. Mimi huacha pikseli mbili tatu za ukingoni na kusoma zilizo ndani.

Msimu wa mvua ndio ulionipeleka kwenye rada. Mwezi mzima unaweza kupita bila picha hata moja isiyo na mawingu, na huo ndio mwezi ambao kinamasi hujaa. Sentinel-1, setilaiti ya rada ya mpango huohuo, hutuma mawimbi yake yenyewe, yenye urefu wa takriban sentimita 5.5, nayo hupenya mawingu mchana na usiku. Maji yaliyotulia huyaakisi kwenda mbali kama kioo, hivyo huonekana meusi. Nilidhani kazi imekwisha: nyeusi ni maji, basi. Lakini katikati ya kinamasi, mahali nilipojua kwa miguu yangu kuwa pamefurika, picha iling'aa nyeupe. Ilinichukua muda kuelewa. Pale matete yamesimama ndani ya maji, mawimbi hugonga uso wa maji, yakaruka hadi kwenye mashina, kisha yakarudi moja kwa moja kwenye setilaiti. Weupe ule ndio mafuriko yenyewe, yaliyojificha chini ya majani. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote niliyojifunza, kwa sababu maji ya kinamasi mengi yako hapo hasa, chini ya mimea, ambako kamera ya kawaida inaona shamba la kijani tu. Tahadhari moja: upepo ukivuruga uso wa ziwa, maji nayo hung'aa.

Kwa historia ndefu Copernicus Browser hainitoshi, kwani Sentinel-2 inaanzia 2015. Huko natumia Global Surface Water Explorer ya kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, JRC, iliyotengenezwa kwa picha za Landsat, setilaiti za Marekani, kuanzia 1984. Ndiyo iliyoonyesha kwamba kati ya 1984 na 2015 karibu kilomita za mraba 90,000 za maji ya kudumu zilitoweka duniani, Bahari ya Aral ikiwa mfano unaotisha kuliko yote, wakati maji mapya ya kudumu, mengi yake mabwawa, yalifunika kilomita za mraba 184,000 kwingineko. Jumla inaonekana kama faida. Lakini bwawa haliwezi kuwa badala ya kinamasi kilichokuwa kikichuja mto na kulea vifaranga wa samaki, na naona uchungu kila mtu anapoitaja ile namba kubwa bila ile ndogo. Nilipoweka kinamasi chetu hapo, ukingo wake wa mashariki ulikuwa umegeuka kutoka maji ya kudumu kuwa maji ya msimu. Wazee walikuwa wakisema hivyo siku zote. Sasa tuna ramani ya kuweka mezani.

Kuhusu bahari nina machache, maana si maji yangu. Sentinel-3 na PACE, setilaiti ya NASA iliyorushwa Februari 2024, zinafaa kwa eneo pana. Wanaofuatilia matumbawe watazame Coral Reef Watch ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, inayopima joto la uso wa bahari kila siku na kujumlisha nyuzi za joto la kupita kiasi wiki hadi wiki: jumla ikifika 4 matumbawe huanza kupauka kwa kiwango kikubwa, ikifika 8 vifo hutarajiwa. Haioni tumbawe lenyewe, inaona homa yake. Na kwa kimo cha uso wa maji ya mito kuna SWOT, setilaiti iliyorushwa Desemba 2022, ila imekusudiwa mito yenye upana wa mita 100 na zaidi. Wetu ni mwembamba mno.

Ningemshauri anayeanza achague sehemu moja ya maji anayoifahamu kwa miguu, na asifungue hesabu yoyote kabla ya kutazama mwaka mzima wa picha za kawaida. Bila kuijua ile kona ya kusini ningeendelea kuitukana hadi leo.

Vituo vyetu sasa ni sita. Cha tano kiko ndani ya ile ghuba, na cha sita hakina mahali pa kudumu. Tunakipanga kutokana na picha ya mwisho. Wiki hii ulimi wa kahawia umetoka tena kwenye kile kijito. Sentinel-2 inapita Alhamisi, na tumekubaliana tuwe kwenye boti kabla ya saa nne na nusu, ili chupa na setilaiti vipime maji yaleyale.