Uzoefu wangu na michezo ya Chaosium: vitabu ambavyo toleo jipya halivifuti

Anayenunua kitabu cha kanuni za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika huwa na wasiwasi mmoja wa haki kabisa: kwamba toleo jipya litatoka, kanuni zitabadilishwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na visa vyote (hadithi zilizoandaliwa kuchezwa) alivyokwisha kununua vitabaki kuwa mapambo ya rafuni. Kwa muda wote ambao nimeendesha michezo ya Chaosium, hasa Call of Cthulhu, sijapata sababu ya kuwa na wasiwasi huo, na naamini hapo ndipo penye chimbuko la mapenzi ambayo mashabiki wanayo kwa mchapishaji huyu.

Kampuni hii ilianzishwa na Greg Stafford mwaka 1975 huko California, nchini Marekani. Mwaka 1978 ilitoa RuneQuest, mchezo wa dunia ya kubuni yenye miungu, na mwaka 1981 ikatoa Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliobuniwa na Sandy Petersen. Dunia za michezo hiyo miwili hazifanani hata kidogo, lakini msingi wake ni mmoja. Ujuzi wa mhusika huandikwa kwa asilimia, mchezaji hurusha dadu mbili za pande kumi, moja ya makumi na nyingine ya mamoja, ili kupata namba kati ya 1 na 100, na namba hiyo ikiwa sawa na asilimia yake au chini yake, amefaulu. Mtu ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote wa aina hii huitazama karatasi ya mhusika, akaona kwamba uwezo wake wa kusikiliza ni asilimia 60, na hapohapo akajua ana nafasi kiasi gani.

Ninachokithamini zaidi katika kanuni hizo ni namna mhusika anavyojifunza. Ujuzi uliotumika kwa mafanikio huwekewa alama, na muda wa kujiendeleza ukifika, mchezaji hurusha dadu tena kwa kila ujuzi wenye alama. Safari hii anatakiwa kupata namba iliyo juu ya kiwango alichonacho ndipo kiwango hicho kiongezeke. Hivyo mwanagenzi hupanda haraka, ilhali aliyebobea hupata nyongeza kwa nadra sana, jambo ambalo ni kweli katika maisha ya fundi yeyote. Kwa upande wa utimamu wa akili, ambao Call of Cthulhu huupima kwa namba, kanuni inakwenda kinyume, na kwa ukatili mzuri: kadiri mpelelezi, yaani mhusika wa mchezo huo, anavyoongeza maarifa yake kuhusu viumbe wa kale wanaojificha nyuma ya matukio, ndivyo kilele cha utimamu anaoweza kuwa nao kinavyoshuka. Sijaona kanuni nyingine inayobeba maudhui ya mchezo wake wazi namna hiyo, kwa sababu kila mchezaji mezani hujikuta akisita kufungua kitabu ambacho mhusika wake anakihitaji ili kuokoa wenzake.

Toleo la saba la Call of Cthulhu, lililoanza kutoka mwaka 2014 chini ya wabunifu Paul Fricker na Mike Mason, lilikuwa na mabadiliko mengi kuliko yote yaliyotangulia, na bado halikukata mnyororo. Sifa za msingi za mhusika, kama vile nguvu na akili, zilizokuwa zikiandikwa kwa namba ndogo, sasa huzidishwa kwa tano ili nazo zisomeke kama asilimia. Hesabu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi inayohitajika kukihamishia kisa cha miaka ya 1980 kwenye kanuni za leo. Nimeifanya mara nyingi huku wachezaji wakiendelea kukaa kwenye viti vyao. Toleo hilo liliongeza pia ruhusa ya kurudia jaribio lililoshindikana, mradi mchezaji aeleze ni kitu gani kipya anachofanya, na mwendeshaji, yaani anayesimulia kisa na kusimamia kanuni, awe tayari kutoa adhabu nzito zaidi likishindikana tena. Katika meza yangu, nyakati zinazokumbukwa zaidi zimetokana na kanuni hiyo.

Mfano bora wa utunzaji huu ni Masks of Nyarlathotep, mfululizo mrefu wa visa uliotoka mwaka 1984, unaowapitisha wapelelezi New York, London, Cairo, Nairobi na Shanghai katika miaka ya 1920. Chaosium iliutoa upya mwaka 2018 ukiwa umepanuliwa, na sehemu mpya ya Peru ikiwekwa mwanzoni. Mashabiki wa zamani waliupokea kama kazi waliyoijua, iliyofanyiwa ukarabati na watu wanaoipenda. Vivyo hivyo, mwaka 2020 kampuni ilichapisha toleo la pili la Harlem Unbound, kazi ya Chris Spivey inayowaweka Wamarekani Weusi wa Harlem, mtaa wa New York, katikati ya kisa na kuuweka ubaguzi wa rangi waziwazi mezani. Ukizingatia kwamba mchezo huu umejengwa juu ya hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, ambaye ubaguzi wake unajulikana, naona hatua hiyo ilikuwa ya lazima na imefanywa kwa uzito unaostahili.

Historia ya kampuni haikuwa shwari wakati wote. Fedha zilizochangwa na wapenzi wake kwa ajili ya vitabu vilivyoahidiwa zilifuatiwa na ucheleweshaji mkubwa, na mwaka 2015 Stafford na Petersen walirejea kuinusuru, kisha wakaungana na wenzao wa Moon Design, kampuni nyingine ya uchapishaji wa michezo, ambao walichukua usimamizi. Ahadi kwa waliochangia zilishughulikiwa, na nadhani imani ya leo ilijengwa upya hapo.

RuneQuest ya sasa siipendekezi kwa kila mtu. Mapigano yake huhesabu jeraha la kila kiungo cha mwili, na dunia yake ya Glorantha ina miungu na historia inayodai usomaji wa subira. Anayeipenda huipenda kwa dhati, lakini si mlango mwepesi.

Anayeanza atapata kanuni fupi za Call of Cthulhu bila malipo, zikiwa na kisa kimoja kamili. Akitaka zaidi, sanduku la wanaoanza la mwaka 2018 limepangwa kwa hekima: kisa cha kwanza huchezwa na mtu peke yake huku akifundishwa kanuni hatua kwa hatua, kinachofuata kinahitaji mwendeshaji na mchezaji mmoja tu, na vilivyobaki ni vya kundi. Hata asiye na mtu wa kumwelekeza anaweza kulifungua usiku mmoja, akacheza mwenyewe, na baadaye akawa ndiye anayewaendeshea wenzake.