Siku Inayohesabiwa: Tathmini ya Mipango Miwili ya Kipato, Eeyou Istchee na Andalusia

Huduma ninazozitathmini hapa ni mbili, na zote mbili huwalipa watu kwa kuhesabu siku. Ya kwanza ni mpango wa kipato kwa wawindaji wa Kicree, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, walioko Eeyou Istchee, kaskazini mwa jimbo la Québec, ulioanza mwaka 1976. Ya pili ni ruzuku ya vibarua wa mashambani ya Andalusia na Extremadura, nchini Hispania, iliyoanza mwaka 1984. Nimezichagua hizi kwa sababu anayelinganisha Wahispania na Wacree kwa takwimu za jumla, pato la taifa upande huu na umri wa kuishi upande ule, ataishia na picha ya nchi mbili tajiri asijue lolote kuhusu mkono unaopokea. Anayetaka kujua mtu wa chini anatendewaje mahali fulani, na aende akatazame dirisha analopangia foleni na karatasi anayotakiwa kuileta.

Wacree ni wengi, wameenea kutoka Québec hadi Alberta, na hali zao hazifanani. Ninaowazungumzia ni wa vijiji tisa vya upande wa mashariki wa Ghuba ya James, kuanzia Waswanipi na Mistissini hadi Whapmagoostui, ambako mpaka leo hakuna barabara inayofika. Tarehe 30 Aprili 1971 waziri mkuu wa Québec, Robert Bourassa, alitangaza kwamba serikali yake ingejenga mabwawa makubwa ya umeme katika mito inayoingia kwenye ghuba hiyo. Wenye ardhi hawakuwa wameulizwa. Walikwenda mahakamani, na mwezi Novemba 1973 Jaji Albert Malouf akaamuru kazi isimame. Wiki moja tu baadaye mahakama ya rufaa ikairuhusu iendelee, na Wacree wakalazimika kujadiliana huku matingatinga yakiendelea kunguruma. Mkataba wa Ghuba ya James na Kaskazini mwa Québec ulitiwa saini tarehe 11 Novemba 1975, na ndani yake mna sura nzima inayohusu kipato cha mwindaji. Kwa hiyo mpango huu haukuanza kama sadaka kwa maskini. Ni sehemu ya bei ya mito, na mtu asipolijua hilo hataelewa kwa nini unaendeshwa namna unavyoendeshwa.

Masharti yake ni mepesi kueleweka. Familia inayoishi kwa kuwinda, kuvua na kutega hujiandikisha, na hutakiwa kutumia takriban miezi minne ya mwaka katika shughuli hizo, tena kuzipa muda mwingi kuliko kazi ya mshahara. Mtu mzima hulipwa kwa kila siku aliyokaa porini, hadi kikomo cha siku 240 kwa mwaka. Mkataba wa 1975 uliweka dola 10 za Kanada kwa siku, na kiwango hicho hupandishwa kufuatana na gharama za maisha. Siku za mke huhesabiwa sawasawa na za mume, kwa kuwa anayetengeneza ngozi, anayekausha samaki na anayelea moto wa kambi yuko kazini kama aliyeshika bunduki. Mwaka 1976 zilikuwa chache sana serikali zilizokuwa zimefikia hatua hiyo. Fedha hutolewa mara nne kwa mwaka, na awamu moja huja mwanzoni mwa Septemba, wakati ambapo familia hununua petroli, risasi, unga na turubai kabla baridi haijakaza. Bodi inayousimamia ina wajumbe sita, watatu wakiteuliwa na Wacree na watatu na serikali ya Québec.

Lakini kilichonivutia zaidi ni jinsi siku yenyewe inavyothibitishwa. Mwindaji huketi na ofisa wa kijiji chake, mtu anayezungumza lugha yake na kulijua eneo lake la mitego, akaeleza alikuwa wapi, tangu lini na pamoja na nani. Yeye ndiye shahidi wa kwanza wa kazi yake. Hahitaji bwana wa kumsainia.

Chukua siku moja ya mwezi wa Mei, bata bukini wanaporejea kutoka kusini, na shule za Wacree zinapofungwa ili watoto waende porini na wazazi wao. Sakafu ya hema ni matawi mabichi ya misonobari yaliyopangwa kama makuti ya paa, ncha za tawi hili zikifunika shina la lile, na hubadilishwa yanapoanza kukauka. Bata aliyenyonyolewa ananing'inizwa kwa uzi kando ya moto. Bibi anausokota uzi na kuuachia, na ndege anazunguka taratibu upande mmoja, kisha upande wa pili, mafuta yake yakidondoka kwenye sufuria iliyowekwa chini. Mjukuu amepewa kazi ya kuangalia uzi usisimame. Afisa takwimu akipita hapo ataandika kwamba familia hiyo haina ajira, ilhali mpango huu unaandika kwamba iko kazini, na siku hiyo inalipwa.

Kasoro zipo, na si ndogo. Kijana aliyeajiriwa katika kampuni ya ujenzi au katika zahanati, hata akiwinda kila mwisho wa juma, mpango haumhusu. Pikipiki ya theluji, mafuta yake, na ndege ndogo ya kumfikisha mtu kwenye kambi ya mbali humeza sehemu kubwa ya fedha kabla mtego wa kwanza haujategwa. Na kubwa kuliko yote, mpango unalipa siku lakini hauulindi msitu. Mwindaji ambaye eneo lake limefunikwa na maji ya bwawa, au limekatwa miti na kampuni za mbao, anabaki na haki ya kulipwa kwa siku ambazo hana mahali pa kuzitumia. Mabonde yaliyofunikwa yalitoa zebaki iliyoingia katika samaki, na watu waliolelewa kwa samaki wakashauriwa wapunguze kumla. Wakazi wa kisiwa cha Fort George walihamishiwa Chisasibi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisukari kimeenea vijijini, nyumba hazitoshi, na katika duka la Whapmagoostui kila nyanya imefika kwa ndege au kwa meli na bei yake inalionyesha hilo. Hayo yote fedha ya siku haiwezi kuyaponya, na sidhani kama ni haki kuidai iyaponye.

Msomaji anayeishi Montréal, na huko wenzetu wanaozungumza Kiswahili kutoka Kongo na Burundi si haba, ajue kwamba mpango huu hugharimiwa na serikali ya Québec, yaani na kodi yake pia, na kwamba umeme anaoupikia unatoka kwa sehemu kubwa katika mito hiyohiyo.

Sasa tuvuke Atlantiki. Siku tisa baada ya mkataba wa Wacree kutiwa saini, Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, alifariki dunia huko Madrid, akiacha Andalusia ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake nzuri ilikuwa mikononi mwa familia chache, huku maelfu kwa maelfu ya watu wasio na shamba wakiishi kwa kibarua cha msimu. Mashine zilikuwa zimekwisha kupunguza kazi, na wengi walikuwa wamehamia Catalonia na Ujerumani. Mwaka 1976 vibarua waliunda chama chao cha wafanyakazi wa mashambani, wakaanza kuingia katika mashamba makubwa na kuyakalia, wakidai ardhi kwa anayeilima. Walidai ardhi, wakapewa ruzuku. Serikali ya waziri mkuu Felipe González ndiyo iliyoianzisha, pamoja na mpango wa kazi za umma unaozipa halmashauri fedha za kuwaajiri vibarua kwa siku chache, wakajenga barabara za mitaa, viwanja na kuta za makaburi. Waliopata ardhi kweli ni wachache. Wanaojulikana zaidi ni watu wa kijiji cha Marinaleda, mkoani Sevilla, waliokalia shamba la El Humoso mara nyingi mno kwa miaka kadhaa hadi kupewa hekta 1,200 mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ili apate ruzuku, kibarua huonyesha idadi fulani ya peonada, yaani siku za kibarua zilizoandikishwa rasmi katika miezi 12 iliyopita. Mwanzoni zilitakiwa 60, baadaye zikawa 35 kwa miaka mingi, na ukame ulipokaza mwaka 2023 zikashushwa hadi 10. Akizifikisha, hulipwa kwa siku 180 za mwaka. Mwaka 2024 malipo hayo yalikuwa euro 480 kwa mwezi, na humohumo hutakiwa alipe mchango wake wa bima ya jamii, ambao wenyewe wanauita sello, hata katika mwezi ambao hakufanya kazi kabisa. Akichelewa kulipa sello, ruzuku nayo iko hatarini.

Tatizo la huduma hii ni kalamu. Peonada huandikishwa na mwajiri. Kibarua anaweza kuinama shambani siku 40, na mwenye shamba akaandikisha 20. Anaweza pia asifanye hata siku moja, akamlipa mtu ili aandikiwe. Biashara ya peonada imekuwepo tangu siku za mwanzo, na mameya walifikishwa mahakamani kwa kuwaandikia watu siku ambazo hazikufanywa. Walio nje ya Andalusia huutaja udanganyifu huo kama tabia ya watu wa kusini, na wanasiasa wa maeneo tajiri wameugeuza kuwa hoja ya kampeni. Ninaupinga mtazamo huo kwa nguvu zangu zote. Ukimweka mtu chini ya saini ya yule anayempa au kumnyima kazi, kisha ukalifunga jiko lake kwenye saini hiyo, umeitengeneza biashara hiyo wewe mwenyewe.

Tazama kazi ilivyo katika mizeituni ya Jaén, mkoa wenye zaidi ya miti milioni 60 ya namna hiyo. Ni Desemba, na umande wa baridi haujayeyuka. Nyavu pana hutandazwa chini ya mti, mashine hulikumbatia shina na kulitikisa kwa sekunde chache, zeituni zinanyesha, kisha watu wenye fimbo ndefu huyapiga matawi yaliyobaki na wengine huziburuta nyavu zilizojaa hadi chini ya mti unaofuata. Mashine hiyo imechukua nafasi ya watu wengi, na kila mwaka peonada zinakuwa adimu zaidi. Mawingu yakifunga na mvua ikaanza, msimamizi anapiga kelele, nyavu zinakunjwa, watu wanarudi nyumbani, na siku imepotea kwa wote. Mvua hiyohiyo ikimnyeshea Mcree akiwa hemani, siku yake imehesabiwa, kwa sababu kuisubiri mvua ipite ni sehemu ya kuwinda. Kwangu mimi, tofauti ya mipango hii miwili imo yote ndani ya mvua hiyo.

Mwaka 2002 uliidhihirisha kwa namna nyingine. Tarehe 7 Februari, huko Waskaganish, Ted Moses kwa niaba ya Wacree na waziri mkuu wa Québec Bernard Landry walitia saini makubaliano ya miaka 50 yanayowahakikishia Wacree dola zisizopungua milioni 70 kwa mwaka kuanzia mwaka wa tatu, juu ya mkataba wa 1975 ambao tayari unalindwa na katiba ya Kanada na haubadilishwi bila ridhaa yao. Mwezi Mei mwaka huohuo, serikali ya Hispania ilitoa amri ya kuifungia ruzuku ya vibarua, hivi kwamba waliokuwa wakiipata waendelee na wapya wasiingie. Vyama vya wafanyakazi vikaitisha mgomo wa nchi nzima tarehe 20 Juni, serikali ikalegeza mambo mengi, na wapya wakaundiwa malipo ya aina nyingine. Kilichotolewa kwa amri kiliondolewa kwa amri, na kibarua akalazimika kuingia barabarani kutetea kitu alichodhani ni chake.

Asidhani mtu kwamba Wacree wamependelewa kwa kuwa ni Wacree. Ng'ambo ya pili ya ghuba hiyohiyo, upande wa Ontario, ndugu zao wa Attawapiskat wako chini ya Mkataba Namba 9, uliobuniwa mwaka 1905, na malipo yake ya kila mwaka ni dola 4 kwa mtu, hazijapandishwa. Mwaka 2011 kijiji hicho kilitangaza hali ya dharura kwa sababu watu walikuwa wakiishi katika mahema na vibanda visivyo na maji huku baridi ikiingia.

Ruzuku ya Andalusia nayo ina mema yake, na ningekuwa mdhalimu nisipoyataja. Imewabakiza watu vijijini wakati vijiji vingi vya Hispania ya ndani vimebaki na wazee na milango iliyofungwa. Imewapa wanawake wengi fedha iliyo kwa jina lao na miaka ya michango ya pensheni, jambo ambalo mama zao hawakulipata. Mgonjwa wa kijiji cha Jaén hutibiwa bila kulipa, na sokoni mboga ni za jirani na bei yake inavumilika. Mcree wa Whapmagoostui mwenye ugonjwa mzito hupandishwa ndege.

Kama huduma, mpango wa Wacree ninaupa alama za juu kabisa kwa jinsi unavyomtazama mtu, na alama za wastani kwa kile unachofikia. Ruzuku ya Andalusia inafikia watu wengi na imewasaidia, lakini inawafanya waombe kwa mtu ambaye hawapaswi kumwomba. Marekebisho ninayoyaona ya haraka kwa vibarua hayahitaji fedha nyingi: siku aliyojitokeza alfajiri tayari kwa kazi, kisha mvua ikamrudisha, ihesabiwe, na kila wilaya iwe na meza ya kuthibitisha peonada yenye wajumbe sita kama ile ya Québec, watatu kati yao wakiwa wametoka kwenye mizeituni.