Uzoefu wangu: kijitabu cha "make it clean" na sauti zake, Goma

Kijitabu hiki kinauzwa kwenye vibanda vya fotokopi huku Birere, pamoja na mafaili ya sauti ambayo muuzaji anakuhamishia kwenye simu au flashi. Jalada halina jina la mwandishi wala la shule. Kinashughulikia jambo moja tu: sentensi za Kiingereza kama "make me tired", "keep it clean", "paint it red", ambamo kitenzi kinafuatwa na kiwakilishi, kisha kivumishi. Wapo watu hapa Goma wanaosoma ripoti za mashirika kwa Kiingereza bila shida, lakini wakifungua mdomo wanakwama hapo hapo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kinaanzia kwenye Kiswahili. "Linanichosha" ni neno moja, na ndani yake kuna jambo linalochosha, mimi ninayechoshwa, na uchovu wenyewe. Kiingereza kinagawanya: "it makes me tired". Zoezi la kwanza linakupa vitenzi vya kutendesha (kausha, kasirisha, safisha, lainisha) na kukutaka utafute kivumishi cha hali inayotokea: dry, angry, clean, soft. Halafu unatanguliza "make", unamweka mtu au kitu katikati, basi. Ukilifanya hadi mdomo uzoee, pesa yako imerudi.

Waliosomea Kifaransa wana mtego wa ziada. "Ça me rend triste" inaweka kiwakilishi mbele ya kitenzi, na Kiswahili nacho kinaweka -ni- mbele ya mzizi. Lugha zote mbili zinakuvuta upande mmoja, ndiyo maana unasikia "it me makes sad". Kosa la pili ni kuongeza maneno: "make me to be happy". Hapo katikati hapaingii "to be". La tatu ni dogo: kivumishi cha Kiingereza hakina wingi, kwa hiyo ni "make them happy" hata wakiwa mia.

Makundi ya vitenzi yamepangwa vizuri. Kuna vya kuleta hali mpya (make, get, turn, drive, set), vya kuilinda (keep, leave, hold), vya maoni (find, consider, think, call) na vya kutaka (want, like, prefer). "Hold it steady" haihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kupakia chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kusukuma mizigo. Kundi la mwisho ni la vitendo vya mikono: "wipe it clean", "cut it open", "push it shut", "fry them crisp". Kufuta ndiyo njia, usafi ndiyo matokeo. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zinakuwa kavu kwa sababu zimekaangwa.

Ila humo humo wamechomeka "eat it raw", na hapo wamekosea. Kula hakumfanyi samaki awe mbichi, alikuwa mbichi tangu mwanzo. "Drink it cold" na "buy it new" ni za aina hiyo hiyo: kivumishi kinasema kitu kilikuwa katika hali gani wakati wa tendo. Zitie alama kwa biki, uzisome kando.

Jedwali la kuchanganya vitenzi na vivumishi ndilo sehemu ninayoshauri uiruke. Linakuacha uamini kwamba kila kitenzi kinapokea kila kivumishi. "Drive me mad" na "drive him crazy" zipo, lakini "drive me happy" hakuna anayesema. "Set" inapenda "free". Jifunze kitenzi pamoja na mwenzake.

Pengo kubwa zaidi ni -ly, kile kiishio kinachogeuza kivumishi cha Kiingereza kuwa kielezi. "I found the exam easy, I found it easy": mtihani niliuona ni rahisi. "I found the office, I found it easily": ofisi niliipata bila kuhangaika. Herufi mbili za mwisho zimebadilisha hata maana ya "find". Kijitabu kiko kimya kabisa, na mtu aliyekariri shuleni kwamba kitenzi hufuatwa na kielezi ataandika "keep it cleanly". Kipimo ni hiki: chukua "it" na neno la mwisho, tia "is" katikati. "It is clean" inasimama. "It is cleanly" haisimami, kwa hiyo ondoa -ly.

Kingine ambacho kimepewa mstari mmoja tu, wakati kilistahili ukurasa, ni "it" isiyotaja kitu: "I find it hard to sleep", "he made it clear that he was leaving". Wengi wanaiacha na kusema "I find hard to sleep". Ukiona baada ya kivumishi inakuja "to" au "that", rudisha "it" mahali pake. Kuhusu mpangilio, gunia unaweza kusema "cut the sack open" au "cut open the sack", lakini kiwakilishi hakihami: "cut it open" tu.

Sauti ni dhaifu. Msomaji anatamka neno moja moja, na kuongeza kasi kwenye simu hakusaidii, kwa sababu maneno hayajaungana. Kwenye mazungumzo "make it easy" inasikika kama mei-ki-tii-zi, na "him" mara nyingi inapoteza h.

Kinamfaa anayejua tayari me, him, her, us, them. Asiyezijua atatoka na "make he angry". Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa "keep" na "leave": nakala nyingi zimetolewa kutoka nakala nyingine, na safu ya kulia, yenye vivumishi vyenyewe, imekatwa na mashine. Mwambie muuzaji akutolee kutoka ile ya kwanza.