Sanamu ya Budha niliyonunua Patan, uzoefu wangu baada ya miezi 8

Niseme mapema mi si Mbudha, ni Mtanzania nafanya kazi Doha, chumbani tuko wanne na wawili ni Wanepali ndo walioniambukiza haya mambo. Likizo iliyopita nikaenda na mmoja wao hadi kwao, akanipeleka Patan, ukitoka Kathmandu unavuka tu mto Bagmati, huko vichochoro vizima ni kelele za nyundo.

Mafundi ni Wanewari, kabila la huko, wengi wa ukoo wa Shakya, kazi wamerithi. Nlikaa karakana moja karibu nusu siku nashangaa. Wanafinyanga kwanza kwa nta, sanamu kamili mpaka kucha, afu wanaipaka udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na pumba za mpunga, ikikauka wanaichoma, nta inayeyuka inatoka yote, pale palipobaki wazi ndo wanamimina shaba nyekundu. Kuitoa lazima uvunje kalibu, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana kabisa, na baada ya hapo kuna kazi ya tindo wiki na wiki.

Nilichukua Shakyamuni, yaani Budha mwenyewe, wa sentimita 20, dola 280, muuzaji alianzia 400. Kilichonitoa hela ni mkono. Wa kushoto umelala mapajani kiganja juu, wa kulia umeshuka mbele ya goti vidole vinagusa chini. Rafiki yangu akanipa stori yake: Siddhartha, ndo Budha huyohuyo kabla hajawa Budha, kakaa chini ya mti pale Bodh Gaya, India, akaja Mara, ndo mshawishi wao yule, anamuuliza nani shahidi wako kwamba unastahili kukaa hapo? Jamaa hakubishana wala hakuita mtu, kagusa ardhi tu, ardhi ikamshuhudia. Sasa mimi nina kesi ya shamba na baba mdogo mwaka wa sita huu, mashahidi wananunuliwa kama karanga, we acha tu, nikatoa pochi palepale.

Na yale masikio marefu, kumbe Budha alikuwa mtoto wa mfalme, mahereni mazito yakavuta ndewe, akayavua akaondoka ila ndewe hazikurudi.

Mabaya sasa. Dhahabu ya mwilini imepakwa na zebaki afu ikachomwa moto ishike, hiyo imekaa vizuri, lakini ya usoni ni unga wa dhahabu uliopakwa tu na muuzaji hakunambia hata neno, nimefika Doha nikasugua na dawa ya kung'arishia shaba, shavu la kushoto likabaki jekundu. Usiguse uso jamani, futa vumbi kwa brashi laini basi. Pia dai kile kibali cha Idara ya Akiolojia cha kuonyesha si kitu cha kale, maana vya zaidi ya miaka 100 haviruhusiwi kutoka, mi wangenirudisha airport bila hiyo karatasi.

Mama kaiona kwenye video, "Mwanangu, umeshaanza kuabudu masanamu huko?" Nikamwambia pambo tu mama, kanyamaza ule mnyamazo wake.

Nlikuwa nimeiweka chini karibu na viatu, Mnepali akainyanyua bila kusema kitu akaipandisha juu ya kabati. Kanambia pia ndani ni tupu, kwao wanajaza karatasi za sala afu wanaziba kitako kwa bati la shaba, bila hivyo bado haijakamilika. Sanamu nimeipa nyota 4, shavu ndo limekula moja.