Ruta ya 4G, antena ya nje na kompyuta ya watoto, Kigoma: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya mvua

Nimetumia ruta ya TP-Link TL-MR6400, inayopokea intaneti kwa laini ya simu na kuigawa nyumbani kwa Wi-Fi, hapa Gungu, Kigoma, kwa misimu miwili ya mvua. Inahudumia simu nne, televisheni na kompyuta ya watoto kujifunzia. Ruta yenyewe naipenda, ila kilichonipa intaneti ya kueleweka ni mahali ilipokaa na waya nilioutumia. Hapo ndipo watu wengi wanapotupa pesa: mtandao ukisuasua wananunua bando kubwa zaidi.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji ni vilima na mabonde yanayoshuka ziwani. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana kabisa, moja inauona mnara, nyingine imekingwa na kilima. Kwa hiyo swali la "mtandao gani una kasi Kigoma" halina jibu, pima kwako. Azima laini za mitandao mitatu, ziweke kwa zamu kwenye simu ya Android yenye 4G, piga *#*#4636#*#* (simu nyingi hukubali), kisha zunguka nyumba ukisoma nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba ni hasi: -85 ni nzuri sana, -100 inavumilika, ikizidi kushuka hadi -110 ni tabu. Ukishaweka laini kwenye ruta, fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari cha simu iliyoungwa na ruta, usome pia SINR, yaani mawimbi yanazidi kelele kwa kiasi gani, ambayo ruta nyingine huiandika SNR. Hiyo ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote. Ikifika 20 mawimbi ni safi; ikiwa chini ya 5 kurasa zinakwama hata kama vijiti vimejaa, kwa sababu vijiti vinaonyesha nguvu tu, havionyeshi kelele za minara mingine.

Sebuleni kwangu nilipata -109 na SINR 2. Dirishani, upande wa mnara, -98 na 9. Juu ya paa, -86 na 17. Laini ile ile, bando lile lile. Paa la mabati hurudisha mawimbi, na nondo za dirisha nazo hupunguza.

Sasa antena. TL-MR6400 ina antena mbili za 4G zinazofunguka, na zote mbili zina kazi. Antena ya nje yenye waya mmoja inaiacha ruta na sikio moja. Nunua yenye waya mbili, au antena mbili za mwelekeo (zinazolenga upande mmoja), moja uilaze nyuzi 45 kulia na nyingine nyuzi 45 kushoto. Kagua na kichwa cha waya: kinatakiwa cha aina ya SMA, chenye sindano katikati. Kuna RP-SMA, cha antena za Wi-Fi, kinafanana nacho na kinajifunga vizuri kabisa, lakini hakina sindano, kwa hiyo hakigusi kitu.

Kosa kubwa zaidi ni urefu wa waya. Waya mwembamba wa RG58 hupoteza takribani desibeli 0.7 kwa kila mita kwenye masafa ya 1800 MHz. Mita 10 zinakula desibeli 7. Antena ya desibeli 9 inakuachia 2, na hapo umeshalipa fundi, bomba na antena. Mafundi wa madishi hupenda kuvuta waya mrefu hadi sebuleni kwa sababu ndivyo dishi linavyofungwa, lakini dishi lina kikuza-mawimbi pale pale kwenye kichwa chake, antena hii haina. Fanya kinyume: ruta ikae chumba kilicho karibu na antena, waya wa antena usizidi mita 3, halafu kutoka kwenye ruta vuta waya wa LAN (waya wa mtandao wa kompyuta) wa Cat5e hadi sebuleni. Huo unakwenda mpaka mita 100 bila kupunguza kitu. Usiiweke ruta darini, chini ya bati mchana inaungua.

Kugeuza antena kunataka subira. Sogeza kidogo, nyuzi 15 hivi, subiri dakika moja, soma SINR, andika. Zunguka duara zima hata kama mnara unauona kwa macho, maana mara nyingine mawimbi safi zaidi ni yale yanayogonga kilima cha pili. Ukimaliza, weka ruta kwenye 4G pekee ili isidondokee 3G kila mawimbi yakiyumba. Maungio ya nje yafunge kwa tepu ya umeme, juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli ulioukaza, kisha tepu tena. Waya uachie upinde uning'inie kabla haujaingia ndani, maji yadondokee hapo.

Antena haitibu msongamano. Saa 11 alfajiri napata kasi ambayo saa 2 usiku sipati hata robo yake, kwa sababu mnara mzima unagawana. Vitu vizito nashusha alfajiri.

Umeme: UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, yenye 8,800 mAh, ni kama Wh 32 (wati 32 kwa saa moja). Toa zinazopotea njiani, ruta ya wati 5 inakaa saa 5. Kabla ya kuchomeka soma kibandiko cha adapta. Ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiua.

Kompyuta ya watoto ni Raspberry Pi 400, ile iliyo ndani ya kibodi, ina RAM ya GB 4 na inatumia televisheni kama skrini. Ipe chaja ya volti 5 na ampea 3. Alama ya radi ikitokea kwenye skrini, chaja au waya ni dhaifu. Nimeweka Kolibri humo, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, na ruta nimeiamuru iipe anwani 192.168.1.150 siku zote. Mtoto akiwa na simu anafungua kivinjari, anaandika anwani hiyo na :8080 mwishoni, anasoma. Bando likiisha masomo yanaendelea, kwa kuwa Wi-Fi ya nyumbani haihitaji mnara.

Kozi nyingi za kompyuta mitaani huanza na Word na Excel, na mtoto anamaliza bila kujua kompyuta inafuataje amri. Naanza na Scratch, ya kupanga amri kwa vipande vya picha, ambayo menyu zake zipo kwa Kiswahili, kisha Python, lugha ya kuandika programu, ndani ya Thonny, programu ya kuiandikia. Kwenye Python mfundishe asome mstari wa mwisho wa kosa kwanza, ndio unaotaja shida.

Udhaifu wa Pi ni kadi ya memori. Umeme ukikatika wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika na mashine isiwake. Jaribu kadi mpya kwa programu ya f3 kabla ya kuiamini, maana zipo zinazojiita GB 128 na ndani ni 8, kisha ukishapanga kila kitu nakili kadi nzima kwenye kadi ya akiba.

Kuanzia Novemba, radi zikianza kusikika upande wa ziwa, chomoa adapta na waya wa antena vyote viwili. Swichi ya ukutani pekee haitoshi, radi inaingia kwa antena.